Maji ya Saa Nane Mchana

Maandiko ya miradi ya kilimo kisichotumia udongo yanafanana sana: mabomba ya PVC, pampu, mbegu za saladi, mafunzo kwa vijana, soko la hoteli. Joto la maji halitajwi. Huko Limuru, ambako baridi haiuzwi, pengo hilo halionekani. Shuka na andiko hilohilo hadi Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, uweke tangi jeusi juani, utaona.

Mizizi ya saladi hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 22 hivi. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubeba 7.5 tu, wakati mizizi nayo, kwa joto hilo, inadai oksijeni zaidi. Hapo Pythium, kimelea kinachoozesha mizizi, hupata mwanya. Mche unanyauka adhuhuri ilhali mizizi imo majini, na mkulima aliyefundishwa mbolea peke yake anaongeza mbolea.

Mfumo nao una lawama yake. Ule wa kupitisha utando mwembamba wa maji ndani ya mabomba hupendwa (unatoka vizuri kwenye picha za ripoti), kumbe ndio unaopata moto upesi. Bwawa lenye kina, mimea ikielea juu ya maboya, huchelewa kupata joto, na umeme ukikatika humpa mkulima muda wa kuhangaika.

Mashine za kupoza zipo. Huko Singapore, jirani ya ikweta, mtafiti Lee Sing Kong na wenzake walistawisha saladi katika joto la kwao kwa kupoza mizizi tu. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilionyesha mwaka 1998 kwamba maji ya nyuzi 24 yanatosha hata hewa ikiwa 31. Ila piga hesabu: kushusha lita 1,000 kutoka nyuzi 30 hadi 24 ni kuondoa joto la kama uniti 7 za umeme. Mashine nzuri itatumia labda theluthi ya uniti hizo, na kesho jua litachomoza tena.

Kwanza, basi, tangi lifukiwe au lipakwe rangi nyeupe, neti ya kivuli itandazwe, maji yaangukie tangini kwa kishindo ili yachukue hewa. Lakini tusidanganyane: ardhi ya Dar es Salaam yenyewe ina joto la karibu nyuzi 26, kwa hiyo kufukia tangi hakutakupa 20. Asiye na fedha ya kupoza maji apande mchicha, unaovumilia joto, na soko litafutwe kwa mama lishe badala ya hotelini.

Wafadhili, kabla ya kutia saini, ulizeni maji ya tangi yatakuwa nyuzi ngapi saa nane mchana. Mwenye mradi akikosa jibu, mrudishieni andiko lake.