Fahamu Limfoma ya Ubongo, Saratani Adimu Inayofanana na Maradhi ya Uzeeni

Mzee anapoanza kusahau mambo, kubadilika tabia au kupungukiwa nguvu upande mmoja wa mwili, familia nyingi hudhani ni uzee au kiharusi. Mara nyingi dhana hiyo huwa na msingi. Hata hivyo, dalili zinapozidi kwa kasi ndani ya wiki chache, mgonjwa anapaswa kuchunguzwa iwapo ana uvimbe kwenye ubongo.

Miongoni mwa uvimbe adimu ni limfoma ya ubongo, saratani ya chembe nyeupe za damu inayoanzia kwenye ubongo, uti wa mgongo au macho. Huwapata zaidi watu wenye umri wa kuanzia miaka 60, pamoja na wenye upungufu wa kinga ya mwili.

Uchunguzi huanza kwa maelezo ya mgonjwa na ya ndugu anayeishi naye, kisha hufuata kipimo cha MRI pamoja na kipimo cha VVU. Picha ya MRI huonesha uvimbe ulipo, lakini haithibitishi aina yake, kwa kuwa saratani nyingine, kifua kikuu cha ubongo na toksoplasmosisi vinaweza kufanana nao.

Uthibitisho hupatikana pale daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo anapotoboa tundu dogo kwenye fuvu na kuchukua kinyama ili kipimwe maabara. Kwa baadhi ya wagonjwa, chembe za saratani hugundulika kwenye maji ya uti wa mgongo au ndani ya jicho.

Hapa ipo tahadhari muhimu. Dawa za steroidi, ikiwemo deksamethasoni, zinaweza kuusinyaza uvimbe huu kwa muda, kinyama kikakosa majibu, na baadaye ugonjwa ukarejea. Kwa sababu hiyo, madaktari hupendelea kuchukua kinyama kwanza, isipokuwa pale maisha ya mgonjwa yanapokuwa hatarini. Wananchi wasinunue dawa hizo bila kuandikiwa na daktari. Aliyekwisha kuzitumia amweleze daktari, wala asiziache ghafla kwa uamuzi wake.

Majibu sahihi hubadili matibabu. Limfoma hutibiwa hasa kwa dawa, ikiwemo methotreksati kwa kiwango kikubwa, na si kwa kuuondoa uvimbe wote kwa upasuaji. Umri pekee haumzuii mzee kutibiwa; madaktari hupima kwanza figo na hali yake ya jumla.

Mwenye dalili hizi afikishwe mapema katika kituo cha afya kilicho karibu ili apewe rufaa.