Sauti ya Mzee Ibaki: Kuhariri Upya Hadithi ya Joubert Park

Muhula huu darasa letu limetengeneza hadithi za kidijitali, yaani filamu fupi za dakika mbili au tatu zenye picha chache na sauti ya msimulizi. Usimulizi wa aina hii ulianza kufundishwa California mwanzoni mwa miaka ya 1990, na waasisi wake, akiwemo Joe Lambert, walisisitiza kwamba mtu asimulie kwa sauti yake mwenyewe. Sharti hilo ndilo lililozua mjadala mkali kuliko yote darasani.

Mwenzetu mmoja alichagua picha ya baba yake iliyopigwa Joubert Park, katikati ya Johannesburg, alipokuwa mgeni kutoka Lubumbashi. Bustani hiyo, yenye Jumba la Sanaa lililofunguliwa mwaka 1915, inajulikana kwa wapiga picha wake wa siku nyingi. Msanii Terry Kurgan aliwahi kukusanya kwao picha ambazo wateja hawakurudi kuzichukua. Picha ya mzee huyu ilichukuliwa, ikatumwa nyumbani, ikafika.

Rasimu ya kwanza ilikuwa ya dakika sita. Mwenzetu alisoma kwa Kiswahili sanifu mambo aliyosimuliwa na baba yake. Tulipoitazama pamoja, tuliona kwamba mara nyingi sauti inarudia kile ambacho picha imeshasema. Hivyo kazi ya kwanza ilikuwa kukata. Alitumia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video yenye toleo la bure. Alinakili mradi wote kwa jina jipya ili rasimu ya zamani ibaki salama, kisha akaondoa sentensi kama "Baba amevaa koti" na "Nyuma yake kuna miti." Zikabaki dakika tatu.

Kazi ya pili ilihusu sauti. Alikuwa amemrekodi baba yake kwa simu, na mzee anasema "bantu banakuyaka hapa," si "watu huja hapa." Baadhi yetu, kwa kuhofia alama, tulitaka sehemu hiyo iondolewe. Wengine wakauliza: mzee akishasahihishwa, hadithi itabaki kuwa ya nani?

Njia ilipatikana. Sauti ya baba iliwekwa kwenye mstari wake, na ya mtoto kwenye mstari mwingine. Ya baba inaanza sekunde mbili kabla ya picha yake, kwa hiyo tunamsikia kabla hatujamwona. Chini yakaandikwa manukuu ya Kiswahili sanifu. Hapo ndipo sarufi ilipotutoa jasho: ilibidi tutambue kwamba ba- ya Lubumbashi ndiyo wa- yetu, na kwamba kiishio -aka hubeba mazoea, ambayo sanifu huyaonyesha kwa hu-. Kwa wengi wetu ngeli hazijawahi kueleweka vizuri hivyo.

Kwa walimu wetu tuna ombi: alama zitolewe kwa masimulizi na manukuu ya mwanafunzi, usemi wa mzee usipigiwe mstari mwekundu. Nanyi wanachama wenzetu, wengi wetu tulisikia Kiswahili jikoni kabla ya kukisoma darasani. Warekodini wazee wenu mapema, mahali pasipo kelele, na mhifadhi rekodi nzima kabla ya kukata hata neno moja.