Dawa na Mlango wa Ubongo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi mwanachuoni wa Kijerumani, Paul Ehrlich, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1885, alivyotia rangi katika damu ya wanyama, ikakolea katika viungo vyao isipokuwa ubongo. Na jinsi mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, mwaka 1913 alivyoitia katika maji yauzungukayo ubongo, ubongo ukakolea na mwili uliobaki ukasalimika. Sababu ni kwamba chembe za kuta za mishipa midogo ya ubongo zimeshikamana bila mwanya, nazo humzuia adui na tabibu pamoja. Wagonjwa wa malale wa Afrika Mashariki waliijua adha hiyo: suramin hutibu kijidudu kingali katika damu, walakini kikishaingia ubongoni haikifikii, na ilipasa kutumiwa melarsoprol, dawa yenye aseniki, ambayo yenyewe iliua takriban wagonjwa 5 katika kila 100.

Miongoni mwa hila za kupitisha dawa ubongoni zinazotafutwa leo ni vitu vyenye matundu. Mwaka 1992 wataalamu wa kampuni ya Mobil walitangaza silika, yaani madini yale yale ya mchanga, iliyotobolewa matundu yenye upana wa nanomita chache, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Huitengeneza kwa kuacha chembe za namna ya sabuni zijipange majini mfano wa fimbo, silika ikagande juu yake, kisha yote hutiwa katika tanuri la nyuzi zaidi ya 500, sabuni ikateketea na matundu yakabaki. Gramu moja yake ina kuta ambazo, lau zingetandazwa, zingeenea kiasi cha mita za mraba 1,000, takriban robo eka. Mwaka 2001 huko Madrid, María Vallet-Regí na wenzake waliijaza ibuprofen, nayo ikatoka taratibu, siku baada ya siku.

Hata hivyo, kutoa dawa taratibu ni jambo moja, na kuifikisha ubongoni ni jingine, na aghalabu waandishi wepesi huyachanganya. Chembe ya silika ni kubwa kuliko dawa iliyomo ndani yake, basi kupenya kwake ni kugumu zaidi. Hivyo huvishwa transferini, protini ichukuayo chuma, ambayo mishipa ya ubongo huitambua na kuipokea. Hata ikivishwa, sehemu kubwa huishia katika ini na bandama. Ndiyo maana wapasuaji walikata njia: tangu mwaka 1996 Marekani iliruhusu vidonge bapa vya polima vyenye karmustini, dawa ya saratani, visivyozidi 8, vilazwe ubongoni papo hapo uvimbe ulipoondolewa. Faida yake ni ya kweli, ingawa ni haba.

Silika yenye matundu, kwa maradhi ya ubongo, ingali maabarani na katika wanyama. Basi msomaji akiuziwa leo dawa ya ubongo kwa jina la nano, asiinunue kabla ya kumwuliza daktari wake na kuona kibali cha mamlaka ya dawa.