Ukibadilisha mutuele, munganga wako atabaki naye nani?

Baba amepata kazi mpya, na ku kazi kuna mutuele yao ya afya. Ao familia imechoka na mutuele ya kartye, inataka kuingia ingine. Nyumbani watu wanauliza kwanza: tutalipa ngapi? Swali la munganga linakuja nyuma, siku mama anarudi kupima tansio na kadi yake inakataliwa.

Mutuele haifanyi mkataba na munganga. Inafanya na kituo cha afya ao hospitali. Kama munganga wako anatumika mahali ambapo mutuele mpya haina mkataba, atakupokea vizuri tu, lakini bili yote ni yako. Hapa Bukavu, waganga wengi wanatumika asubui ku hospitali moja, mangaribi ku kliniki ingine. Basi muulize: « Dokta, unatumika wapi pengine? » Kisha uende ku biro ya mutuele uombe liste ya vituo. Liste ya sasa, siyo ile karatasi imebandikwa ku ukuta tangu zamani.

Hata ukikuta hospitali yake ndani, mara nyingi unapaswa kupitia kwanza kituo cha afya, wakuandikie karatasi ya kukutuma hospitali. Ukiruka hapo, unalipa mwenyewe. Mgonjwa wa tansio ao wa sukari aulize kama karatasi moja inatosha kwa miezi kadhaa.

Lakini shida kubwa ni miezi ya kungoja. Mwanachama mpya anaweza kulipa miezi mitatu, kwa mfano, mbele ya kuanza kutunzwa. Hapo njo wengi wanaanguka: wameacha ya zamani, mpya haijaanza, na mimba haingoji. Kama unaweza, lipia zote mbili kwa hiyo miezi. Inauma, najua. Bili ya kupasuliwa inauma zaidi.

Na kama munganga hawezekani? Mbele ya kuondoka omba kopi ya fishi, matokeo ya laboratware, na majina ya dawa zilizokukatala. Munganga mpya asianze kukujaribisha upya.

Tena, mutuele ni ya wanachama. Kama muko wengi munaotunzwa ku hospitali moja, ombeni mkataba nayo ku mkutano mkuu. Biro peke yake haitajua.