Risasi Isizikwe Pamoja na Maiti

Hapa Ikonge, katika Kaunti ya Nyamira, sisi Waislamu ni wachache, na majirani zetu wengi ni Wagusii Wakristo. Jambo moja huwastaajabisha kila tunapofiwa: mtu wetu hufariki alfajiri, na kabla ya jua kuchwa tumekwisha kumsitiri. Kwao mazishi huchukua juma moja au zaidi. Maiti hulala mochari, ukoo hukutana, na kifo kikiwa cha kutatanisha, daktari humpasua kabla jeneza halijarudi nyumbani. Haraka yetu ni Sunna, wala hatuionei haya. Lakini mwaka 2025 ulitulazimisha kuitafakari upya pale ambapo mauti yameletwa na bunduki.

Tarehe 7 Julai mwaka huo, siku ya Saba Saba, watu zaidi ya 30 walipoteza maisha nchini, kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa kike wa miaka 12 katika Kaunti ya Kiambu, aliyekuwa ndani ya nyumba ya kwao akitazama televisheni wakati risasi ilipopenya paa. Baada ya hapo hakuna mama awezaye kujiliwaza kwamba risasi ni shauri la vijana waendao barabarani. Siku mbili baadaye Rais William Ruto aliwataka polisi wawapige risasi ya mguu wanaochoma biashara za watu. (Mguu nao una mshipa mkubwa wa damu; muuguzi yeyote atawaambia.)

Ndugu zetu wa Pwani hawahitaji kufundishwa habari hizi. Shirika la Haki Africa la Mombasa liliorodhesha kesi 81 za watu waliouawa au kutoweka Pwani kati ya mwaka 2012 na 2016. Nyuma ya kila kesi kuna mama, mjane au dada anayesubiri jibu. Tunajiuliza ni wangapi walioingia kaburini siku ileile, dua zikasomwa, hitima ikapikwa, kisha ushahidi wote ukabaki chini ya mchanga.

Kwa maana risasi ni shahidi. Iliyotolewa mwilini kwa utaratibu hupelekwa maabara, ikalinganishwa na bunduki, na bunduki ya serikali ina daftari linaloonyesha ilikabidhiwa nani. Iliyozikwa haisemi neno. Ni kweli hakimu anaweza kuamuru kaburi lifukuliwe, lakini ni familia gani ya Kiislamu itakayoyataka hayo?

Tazameni yaliyotokea kwa mwalimu kijana Albert Ojwang, mzaliwa wa kaunti jirani yetu ya Homa Bay, aliyefia mikononi mwa polisi jijini Nairobi Juni 2025. Hakupigwa risasi, ila kisa chake kinatufaa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walipompasua, wakakuta majeraha ya kichwa na dalili za kubanwa shingo, na maelezo yale yakaporomoka. Kabla ya mwezi kwisha, maafisa wa polisi walikuwa wamefikishwa kortini kwa mauaji. Lau angezikwa siku ileile, sidhani kama maneno ya ukuta yangepingwa na mtu.

Tunajua kinachowazuia wengi: mafundisho kwamba mwili wa maiti una heshima kama wa aliye hai. Hofu hiyo ni ya imani na haifai kudharauliwa. Hata hivyo wanazuoni wameipima. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha Makka mwaka 1987, liliruhusu upasuaji wa maiti pale unapohitajika kubainisha chanzo cha kifo katika kesi ya jinai, kwa kiasi cha dharura tu na kwa kuhifadhi heshima ya marehemu. Nayo Suratul Baqara, aya ya 283, inakataza kuficha ushahidi. Kuchelewa siku moja au mbili kwa ajili ya haki hakumtoi mtu katika Sunna. Mkiwa na shaka, muulizeni kadhi au imamu wenu.

Familia inaweza kuomba daktari wake awepo wakati wa upasuaji, na kwa maiti wa kike inaweza kuomba daktari mwanamke. Kifo kiandikishwe polisi na namba ya kitabu cha matukio ichukuliwe. Ikiwa mshukiwa ni askari, sheria inamtaka mkubwa wake wa kazi aripoti kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA. Lakini msimwachie yeye. IPOA ina ofisi Mombasa, na Kisumu kwa sisi wa huku.

Na mjane je? Mara nyingi ndiye aliyeona, na ndiye anayeingia eda ya miezi minne na siku kumi. Wengi hudhani eda imemfunga mdomo. Wanazuoni humruhusu kutoka mchana kwa haja, na wachunguzi wanaweza kuombwa wamfuate nyumbani, akaandikisha maelezo mbele ya nduguye. Akisubiri eda ishe, mashahidi wengine watakuwa wametawanyika na picha za simu zimefutwa. Akitishwa, ipo Wakala wa Kuwalinda Mashahidi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006.

Wagombea watatujia kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027 wakiomba kura za akina mama. Tutawauliza, mmoja mmoja na mbele ya watu, wamefanya nini kuhusu walioanguka. Kabla ya hapo tuna ombi dogo kwa kila kamati ya msikiti, Pwani na bara: pale ubaoni karibu na jeneza, penye jina la mwoshaji na la mchimba kaburi, liongezwe jina la wakili na la daktari, pamoja na namba ya IPOA.