Nyumba ya mama iko wapi?

Huku Kasongo na Kabambare si rahisi kukuta jamaa nzima imelala barabarani kama Kinshasa. Ndiyo maana wengine husema kwetu hakuna mtu asiye na nyumba. Sisi hatukubali. Mjane anayelala jikoni kwa shemeji yake na watoto wanne hana nyumba. Jamaa iliyokimbia vita upande wa Salamabila, ikapokewa na wenyeji katika chumba kimoja, haina nyumba. Hawaonekani kwa sababu kuna mtu aliyewafungulia mlango, na mara nyingi huyo ni mama.

Serikali ilipata kujaribu. Wakati wa Wabelgiji, mwaka 1952, iliundwa ofisi iliyoitwa OCA, yaani Ofisi ya Miji ya Waafrika. Waliokaa Bukavu wanazijua nyumba zake za Bagira, na waliokaa Kinshasa wanazijua za Bandalungwa na Matete. Hata Bujumbura, mtaa wa Ngagara wengi wangali wanauita OCAF. Zilijengwa nyumba makumi ya maelfu, imara, kwenye njia zilizopimwa. Mwenye kupewa alilipa kidogo kidogo kila mwezi mpaka nyumba ikawa yake. Ilikuwa kazi nzuri, tusiikatae.

Lakini tazameni nani aliweza kuingia. Ni mwanaume wa mjini mwenye mshahara. Mama mwenye shamba la mihogo, au anayeuza mafuta ya mawese sokoni, hakuwa na karatasi ya mshahara ya kuonyesha. Basi hakuhesabiwa. Baada ya uhuru, mwaka 1965, ikaja Ofisi ya Taifa ya Makao. Pesa zikakosa, thamani ya faranga ikaanguka, na watu wakajijengea wenyewe. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inatuahidi makao yanayofaa. Neno zuri, ila halijaezeka paa la mtu.

Kenya wanajaribu njia nyingine: kwa sheria ya 2024 mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho, ili serikali ijenge nyumba za bei nafuu. Huku kwetu, tungemkata nani? Mwalimu ambaye mshahara wenyewe anaungoja?

Kwa kweli wajenzi wa Maniema ni sisi. Tunakanyaga udongo, tunabeba maji ya matofali, tunanunua bati moja moja kwa likelemba. Nyumba tunayo. Tunaipoteza siku baba anapokufa, jamaa yake wanapokuja kuchukua hata milango.

Hapo sheria iko upande wetu, na wengi hawaijui. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 785, inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na mume wake, na kutumia vyombo vyake. Hakuna shemeji anayeweza kumtoa kwa nguvu. Lakini hakimu atauliza: ndoa yenu iliandikwa? Mahari peke yake, bila kuandikwa kwenye ofisi ya serikali, humwacha mama akitafuta mashahidi wakati wa kilio.

Tena kuna kiwanja. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 udongo ni wa serikali, na mtu hupewa haki juu yake kwa cheti cha kuandikishwa. Cheti kina gharama, na wengi wetu tuna karatasi ya kununulia tu. Karatasi hiyo haitoshi, lakini ni mwanzo. Iwe na majina mawili, la baba na la mama, na mashahidi wa pande zote mbili. Afadhali kuzungumza na baba jambo hili jioni akiwa mzima, bila ugomvi, kwa ajili ya watoto.

Kwenye mkutano wetu ujao, kila mama aje na karatasi ya kiwanja chake, hata kama imechanika. Tutazisoma pamoja, na wasiojua kusoma watasomewa.