Sura ya Nne: Jina Hufungua Kinywa

Aghalabu mkubwa wa kazi, aonapo kwamba walio chini yake wanajua mengi na kusema machache, hudhani dawa ni moja kati ya mbili: ama kuwaamrisha waseme, ama kuwalipa kwa kila walisemalo. Lakini amri huzaa maneno ya kuondoa lawama, na malipo huzaa maneno ya kuhesabiwa. Ilhali maarifa yenyewe, yaliyochumwa kwa taabu na mikesha, hubaki kifuani mwa mwenyewe mpaka aone kuwa ana amani na ana hadhi mbele ya wenzake.

Tazama chumba cha upasuaji. Daktari amekwisha kuvaa glavu, mgonjwa amelala usingizi wa dawa, na pembeni amesimama muuguzi kijana aliyesoma katika faili kwamba dawa inayoandaliwa humdhuru mgonjwa huyu. Analijua jambo hilo, lakini yeye ni mdogo, daktari ni mkubwa, na yamkini hata jina lake daktari halijui. Basi hofu ya kukemewa hadharani humziba kinywa. Ndiyo maana orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye mambo 19, iliyojaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, ilitaka kila aliyemo chumbani, kabla ya kisu kugusa ngozi, ataje jina lake na kazi yake. Vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sisemi kwamba majina peke yake ndiyo yaliyoleta heri hiyo, kwani orodha ilihimiza pia kuhesabu sindano na kutoa kwa wakati dawa za kuzuia maambukizo. Ila mtu aliyekwisha kuisikia sauti yake mbele ya wakubwa, kuitoa mara ya pili humwia wepesi.

Kwa mafundi wa mashine za kunakili wa kampuni ya Xerox, jina lilileta manufaa mengine. Mtaalamu Julian Orr, aliyefuatana nao katika miaka ya 1980, alikuta kwamba ilimu yao kubwa haikutoka vitabuni, bali katika visa vya mashine sugu walivyosimuliana wakila pamoja. Kampuni ilipoanzisha baadaye hazina ya madokezo iitwayo Eureka, kila dokezo lilihakikiwa na mafundi wenyewe, kisha likaandikwa jina la mwenye kuligundua. Na kusifiwa na watu waijuao kazi ni ujira usio na kifani.

Basi ewe uliyepewa dhamana ya watu, kabla ya kumwomba mtu siri ya kazi yake, lijue jina lake. Na akiisha kukupa, popote utakapoipeleka siri hiyo, litaje.